Gari la chini kwa fedha isiyoongezeka: hesabu ya kufanya kabla ya kuagiza

Mwalimu mstaafu mmoja wa Marangu alifika kwenye ofisi yetu ya kuagiza na kukagua magari, Arusha, akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu alizochapishiwa na mwanawe anayeishi Dar es Salaam, na kila karatasi ilikuwa na picha ya Toyota Mark X. Baada ya kuitikia shikamoo yetu alizipanga mezani, akasema, "Kijana, nina milioni 28 za mafao. Hazitaongezeka hata shilingi, maana mafao hayaji mara mbili. Nitafutie mojawapo ya hizi." Tulimwagizia chai, kisha tukamwuliza swali tunalomwuliza kila mteja ambaye fedha yake ina mwisho: hiyo milioni 28 ni ya kununulia gari, au ni ya gari likiwa limeegeshwa uani kwako, likiwa na bima, tairi nzima na limeshapita gereji mara ya kwanza? Alikunywa chai kimya kwa muda. Makala hii imetokana na hesabu tuliyoifanya naye asubuhi ile.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jipya". Huku kwetu gari jipya kwa kawaida ni lile lililotumika Japan na ambalo halijawahi kusajiliwa Tanzania, yaani gari la namba mpya. Gari la kilomita sifuri lenye ukubwa wa Camry halikaribii kiasi cha Mwalimu, kwa hiyo hatutalizungumzia. Wateja wetu wengi wanaotaka gari la chini, yaani saloon, lenye nafasi na buti la kueleweka huishia kuchagua kati ya Toyota Premio na ndugu yake Allion, Mark X, Crown na Subaru Legacy B4.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kulinganisha bei za Japan na kusahau kwamba kodi ya hapa ina akili yake. Mamlaka ya Mapato, TRA, haianzi na bei uliyomlipa muuzaji. Ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo wazi kwenye tovuti yao. Juu ya thamani hiyo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hufuata ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1000 lakini haijapita cc 2000, na asilimia 10 kwa injini iliyopita cc 2000. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 nyongeza hiyo huwa asilimia 30. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya jumla ya yote yaliyotangulia, kwa sababu kodi hizi hupandana kama matofali.

Tulimwandikia Mwalimu kwenye karatasi, tukiacha pembeni tozo ndogondogo na ada ya usajili. Kwa kila shilingi milioni moja ya thamani inayotambuliwa na TRA, Premio ya cc 1800 ambayo haijafikisha miaka 8 hulipiwa kodi ya takriban shilingi 549,000. Ikiwa na miaka 8 hadi 10 hulipiwa 770,000. Ikizidi miaka 10 hulipiwa 991,000, yaani unalinunua gari mara mbili, mara moja kwa Mjapani na mara moja kwa Serikali. Mark X ya cc 2500 iliyozidi miaka 10 hufika 1,065,000. Viwango hivi hupangwa upya katika bajeti ya kila Juni, kwa hiyo kabla ya kutuma fedha fungua kikokotoo siku hiyohiyo, usitegemee karatasi ya mwaka jana wala makala hii.

Kinachotazamwa hapo ni mwaka gari lilipotengenezwa. Matangazo mengi ya mtandaoni hutaja mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza kule Japan, na miezi michache ya tofauti kati ya miaka hiyo miwili inaweza kukuvusha mstari wa miaka 10 bila wewe kujua. Meli nayo huchukua wiki kadhaa, na gari lililokuwa na miaka 10 lilipolipiwa mwezi wa 11 linaweza kutua Dar es Salaam mwaka unaofuata likiwa limeshahesabiwa mwaka mwingine. Tumewahi kumzuia mteja kulipa mwishoni mwa Novemba kwa sababu hiyo tu. Kumbuka pia kwamba utengenezaji wa Mark X ulikoma Desemba 2019, na wa Premio na Allion ukakoma 2021, kwa hiyo kila mwaka unaopita magari haya yote yanausogelea mstari huo na hakuna mapya yanayokuja nyuma yake.

Baada ya kodi, tunamwomba mteja atenge asilimia 15 ya fedha yake na asiiguse mpaka gari lifike. Kwa Mwalimu hiyo ni milioni 4.2, na aliona ni nyingi mpaka tulipoanza kuigawa. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5, kwa gari la thamani ya milioni 23, ni shilingi 805,000, na ukiongeza VAT inakaribia 950,000. Bima ndogo ni shilingi 118,000, lakini kwa mtu ambaye hana fedha nyingine ya kununua gari la pili hatuishauri. Kuna dereva na mafuta ya kulileta kutoka Dar es Salaam hadi Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Chalinze, Segera na Same. Kuna oili zote za kumwaga, chujio, plagi, na mara nyingi betri.

Halafu kuna tairi, na hapa tunaomba uchuchumae kabisa karibu na gurudumu. Magari yaliyotoka maeneo ya theluji huja na tairi za baridi, zenye neno STUDLESS ubavuni na mikato mingi myembamba kama ya wembe juu ya uso wake. Mpira wake ni laini kwa makusudi, na lami ya Boma Ng'ombe saa saba mchana huula upesi sana. Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni: 2318 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukiwa umechuchumaa, tazama na chini ya gari, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani kule kuyeyusha theluji huacha kutu kwenye mabomba ya breki na mikono ya magurudumu ya nyuma. Redio mara nyingi utaikuta inaishia FM ya 90, ila hilo ni jambo la fundi redio na halizuii gari kwenda.

Sasa mlima. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, na geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Arusha yenyewe iko karibu mita 1,400. Injini isiyo na turbo, ile feni inayoisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Premio ya cc 1500 ina nguvu farasi zinazokaribia 110 pale ufukweni. Ukiondoa za mwinuko, ukaweka watu wazima watano na mizigo ya Desemba, utaisikia injini ikilia kuanzia unapouacha mji wa Himo. Haitashindwa, lakini itachoka mapema. Hapa ndipo tunapotofautiana na madalali wanaosema cc 1500 ndiyo nafuu kuliko zote. Cc 1500, 1800 na 2000 zote ziko katika kundi moja la asilimia 5, kwa hiyo kiwango cha ushuru hakibadiliki, na ile ya 1800 hupanda kwa mizunguko ya chini zaidi na hatujaona ikila mafuta ya kutisha.

Mark X hupanda vizuri kuliko zote hizi, hilo hatubishani na mtoto wa Mwalimu. Lakini ina uzito wa tani moja na nusu dhidi ya tani 1.2 ya Premio, na tairi zinazosukuma ni za nyuma, jambo ambalo kwenye tope la masika, katika njia ya migombani yenye mteremko, hulifanya gari lizunguke mkia wakati lile linalovutwa na tairi za mbele linaendelea kutambaa. Kwa magari tunayoyahudumia, Mark X hutupa kilomita 8 kwa lita katika safari za kuchanganya, na Premio 1800 kilomita 12. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi ana tofauti ya lita 42 hivi kila mwezi, yaani karibu lita 500 kwa mwaka. Tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, hiyo ni milioni moja na nusu kila mwaka. Bei halisi ya mwezi wako iangalie kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta.

Jambo la kuliogopa kwenye Premio ya umbo la 2007 kuendelea ni giaboksi yake. Ni ya aina ya CVT, haina gia za meno zinazobadilishana bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na inataka oili yake maalumu ya CVT. Mteja wetu mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alinunua gari zuri lililokuwa limemwagiwa haidroliki ya kawaida na gereji ya mmiliki wa kwanza. Kwenye tambarare lilikuwa kimya kama saa ya ukutani. Tulipolipandisha Ilboru likaanza kutetemeka kwa mitetemo midogomidogo, kama gari linalopita juu ya nyaya, na tulipoimwaga oili ilitoka nyeusi na kwenye sumaku ya sampo, lile bakuli la oili la chini, kulikuwa na uji wa chuma. Bei ya giaboksi ilimeza fedha yote aliyodhani ameiokoa. Ndiyo maana hatukubali kujaribu gari kwenye barabara ya tambarare pekee. Kwa Arusha tunapanda Ilboru, kwa Moshi tunapanda Kibosho, tukiwa watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa.

Wengi huuliza kuhusu kuliinua gari kwa spesa, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye springi, ili lisijisugue chini. Spesa nyembamba hatuikatai. Lakini fundi akiweka ndefu, draivu shafti, ile fimbo inayozungusha gurudumu, hukaa kwa pembe isiyo yake, mpira wake hupasuka, grisi humwagika, na baada ya vumbi la miezi michache utasikia ule mlio wa katakata kila unapokata kona. Kinga imara ya sampo na shokapu nzima husaidia zaidi.

Yaliyobaki tuyapitie kwa haraka. Crown tunaiweka kapu moja na Mark X. Legacy B4 inashika barabara vizuri sana na inafaa tope, ila zile za cc 2500 za kabla ya 2012 zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa ukifika kilomita 100,000, na hakuna muuzaji atakayekukumbusha. Premio ya zamani ya cc 2000 yenye maandishi D-4, ambayo petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, tunashauri uiache. Benzi la bei ya Premio lipo, na litakufurahisha mpaka siku utakaposubiri kifaa kimoja kwa wiki tatu.

Ukiamua kununua gari la mkononi ambalo tayari lina namba za Tanzania, mzigo wa kodi ya kuingiza unakuwa umeshabebwa na mwingine, na kwa bajeti ndogo hiyo mara nyingi ndiyo njia ya busara. Hakikisha tu jina la kwenye kadi ni la huyo anayekuuzia, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi inafanana na ya kwenye kadi, na faini za barabarani zimelipwa.

Mwalimu aliagiza Premio ya cc 1800 yenye chesisi inayoanza na ZRT260, si ZRT265 ambayo inasukuma magurudumu yote manne, kwa sababu njia ya kwake imeshamwagwa moramu. Mwanawe hakufurahi. Gari lilipofika, Mwalimu hakufungua boneti. Alifungua buti, akapima kwa mikono, akamwambia mama watoto kwamba mikungu mitatu inaingia. Mama naye alikuwa ameshaketi mbele, kwa kuwa magoti yake hayawezi tena magari ya juu, na hilo ndilo lililokuwa sababu ya kutafuta gari la chini tangu mwanzo.

Wateja wa Arusha na Moshi wanaotaka tuwakagulie gari kabla ya kulipa wanaombwa kutupa taarifa siku moja kabla, pamoja na namba ya gari au ya chesisi. Ukaguzi tunaufanya asubuhi. Tafadhali mwombe muuzaji asiliwashe gari mpaka tufike, kwa sababu injini ikiwa baridi husema mambo ambayo ikishapata moto huyanyamazia, na tukikuta boneti ina joto tutaomba turudi kesho yake.