Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Saratani Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu sana mheshimiwa, na pole kwa tope la barabara yetu. Februari ya Mbeya unaijua mwenyewe.

Klabu yetu ina wanachama wa kidato cha tano na cha sita, wengi wao wa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Mwaka huu tulichagua saratani za damu, yaani lukemia (ya chembe nyeupe za damu), limfoma (ya tezi na mfumo wa limfu) na mayeloma (ya chembe za kinga kwenye uboho). Tulitaka kujua kama zinaongezeka, na zinawapata nani zaidi, wanaume au wanawake.

Jibu la swali la pili halikutusumbua: ni wanaume. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wagonjwa wapya wa lukemia duniani walikuwa kama 474,500, wanaume wakiwa 269,500 na wanawake 205,000. Limfoma zisizo za Hodgkin, ambazo ndizo kundi kubwa la limfoma, zilifika 544,000, na kati yao wanaume ni 304,000. Mayeloma nayo imeelemea upande huohuo. Sababu zinazotajwa ni kazi, homoni na vinasaba, na mjadala haujafungwa.

La kwanza ndilo lililotutoa jasho. Mwalimu wetu wa hesabu alitukataza kabisa kulinganisha idadi tupu, kwa kuwa watu wameongezeka na wanaishi zaidi, na nyingi ya saratani hizi huwapata wazee. Wataalamu huhesabu wagonjwa kwa kila watu 100,000, kisha wakasawazisha umri. Kwa hesabu hiyo, huko Marekani kiwango cha limfoma zisizo za Hodgkin kilikaribia kuongezeka maradufu kati ya miaka ya 1970 na ya 1990, kisha kikatulia. Janga la Ukimwi lilichangia, hasa kwa wanaume, lakini haliwezi kubeba ongezeko lote. Vifo navyo vimepungua kwa jinsia zote mbili, maana dawa zimeboreka: imatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2001, imewafanya wagonjwa wengi wa aina moja ya lukemia waishi miaka mingi kwa kumeza vidonge tu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ndipo tuligeukia nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya. VVU huongeza sana hatari ya limfoma, na ARV, dawa za kufubaza VVU, huipunguza. Kwa hiyo foleni ya kliniki ya CTC, inakotolewa huduma kwa wenye VVU, ni kinga ya saratani pia, ingawa sijui ni wangapi wanaokaa kwenye yale mabenchi wameambiwa hivyo. Tena kwetu VVU imewapata wanawake zaidi, hivyo pengo la jinsia linaloonekana kwa wenzetu linaweza lisiwe hivyohivyo hapa.

Jingine ni uvimbe wa taya wa watoto, limfoma ya Burkitt, ambayo huwapata wavulana zaidi. Daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, akipita Tanganyika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona. Akabaini kuwa ni nadra sehemu za juu zenye baridi. Baadaye ulihusishwa na malaria pamoja na kirusi cha Epstein-Barr. Kwa maana hiyo mtoto wa Kyela, kwenye joto na mbu wa ziwani, yuko kwenye hatari zaidi kuliko wa Uyole, huku juu kwenye baridi, na chandarua chake kina kazi zaidi ya ile inayotangazwa.

Lipo na suala la petroli, ambayo ina benzini, na benzini husababisha lukemia. Wiki iliyopita tu, hatua chache kutoka geti letu, fundi wa pikipiki alivuta mafuta kwa mdomo kupitia mpira, akatema, kisha akaosha viwiko na hayohayo mafuta. Mafundi hao karibu wote ni vijana wa kiume.

Mheshimiwa, tunayo maombi. Kubwa kuliko yote ni kumbukumbu. Mzee akipauka na kuchoka, rejista inaandikwa "upungufu wa damu", anaongezewa chupa mbili, anarudi Rungwe. Akifa, hakuna anayemhesabu kwenye saratani. Tunaomba hospitali za wilaya zisikose vitendanishi vya kipimo cha picha kamili ya damu, na jina la ugonjwa, umri na jinsia viandikwe kila mara. Pili, maofisa afya wawafikie mafundi wa gereji. Na kwa upande wa shule, hadubini tuliyonayo ni moja, nayo lenzi yake kubwa imepasuka.

Timu ya uchangiaji damu iko darasa la pili kulia. Tunakukaribisha uanze wewe.

Tunaomba kuwasilisha.