Shukrani kwa kaka mwenye tochi na mswaki

Kaka uliyenikuta kwenye matope jioni ile, jina lako sikuuliza, na kosa ni langu. Naandika ili wengine wajue ulichofanya.

Pikapu ilikuwa imegoma kuingia foowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta. Nazungusha swichi, taa ya dashibodi inamwekamweka tu, matairi ya nyuma yanachimba. Fundi mmoja alishaniambia transfa (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) imekufa, nitafute nyingine.

Wewe hukukimbilia spana. Ulilala chini ya gari, injini imezimwa na ufunguo umewashwa, ukaniambia nizungushe swichi wakati umetega sikio kwenye mota ya transfa. "Mota iko kimya," ukasema. Ukapima betri: volti 12.5. Fyuzi nazo nzima. Ndipo ukachomoa plagi ya mota, ukamulika: pini mbili zimeota kutu ya kijani, tope limeingia hadi ndani. Ukazisugua kwa mswaki mkavu (mswaki wa meno, ndiyo!), ukapulizia dawa ya kusafishia umeme, ukarudisha. Safari hii nikasikia mwenyewe: zzzt, kisha tak. Taa ikatulia.

Pesa ulikataa. Ukaniachia maelekezo tu: 4L (foowili ya mwendo mdogo wenye nguvu) niingize gari likiwa limesimama na gia iko huru, lami kavu nirudi 2H (magurudumu mawili tu yanavuta), na foowili niitumie mara moja moja mota isije ikaganda.

Wenye pikapu za swichi, kabla hamjauziwa transfa nzima, ichungulieni kwanza ile plagi.

Mswaki wako ninao bado, kaka. Ulidondoka chini ya kiti.