Dambeli za kilo 3 zimekuwa nyepesi, za kilo 5 hazishikiki: tuwasaidieje wenye umbo la pea?

Kwa Mshauri wa Mazoezi,

Salamu kutoka Umoja, Nairobi. Sisi ni walimu wa mazoezi wa akina mama, na tunafundishia kwenye uwanja wa simiti, bila mashine, kwa vifaa vinavyobebeka. Wengi wanaokuja wana umbo la pea: mabega membamba, kiuno kidogo, nyonga na mapaja mapana. Ombi lao ni moja, "nipunguzie huku chini." Msimamo wetu ni kwamba umbo hilo husawazishwa kutoka juu, na huko juu ndiko tulikokwama.

Tunasimamia hivyo kwa sababu mafuta ya mapajani hayaondoki kwa kuchosha msuli ulio chini yake. Mwili ukihitaji nishati huchota mafuta kila mahali, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, homoni ya estrojeni huyaelekeza zaidi nyonga na mapaja, na seli za huko huyaachilia polepole kuliko za tumboni. Ndiyo maana anayejinyima chakula na kukimbia kila siku mara nyingi huanza kupungua uso, kifua na mabega, kisha nyonga zikaonekana pana kuliko mwanzo. Mafuta hayo pia si hatari kwa moyo kama yale ya ndani ya tumbo, na tunawaambia wazi, maana wengi wamefunzwa kuyaonea aibu. Mikanda ya kubana tumbo na kujifunga plastiki tumepiga marufuku. Vinatoa jasho tu, na uzito unarudi mtu akinywa maji.

Mfupa wa bega hauongezeki. Kinachoongezeka ni msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega, hasa sehemu yake ya kando, pamoja na misuli mipana ya mgongo. Zoezi kuu hapa ni kuinua dambeli pembeni, na ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Mtu husimama magoti yakiwa yamelegea kidogo na viwiko vimekunjwa kidogo. Mikono haipandi ubavuni moja kwa moja, hupanda mbele kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30, kwa kuwa bega huzunguka vizuri zaidi kwenye mstari huo. Kiwiko ndicho kinachoongoza mpaka usawa wa bega, sekunde 2 kupanda na sekunde 3 kushuka. Seti 3 za marudio 12 hadi 15, na pumziko la dakika moja na nusu. Ukiona mabega yanakimbilia masikio, mzigo umeshahamia kwenye trapezi, msuli wa shingo na mgongo wa juu. Huo ukijaa, mabega huonekana yameteremka, kinyume kabisa cha tunachotafuta.

Sasa tatizo lenyewe. Madukani tunapata dambeli za kilo 3, kisha kilo 5. Kwenye kuchuchumaa na mzigo, kilo 2 za ziada hazimsumbui mtu. Kwenye kuinua pembeni, kutoka 3 hadi 5 ni kuongeza theluthi mbili ya mzigo kwa mkupuo, tena mkono ukiwa umenyooka mbali na mwili. Anayemaliza marudio 15 safi kwa kilo 3 hafikishi 6 kwa kilo 5. Anaanza kuyumbisha kiuno na kuinua shingo. Akirudi kwenye kilo 3 anabaki hapo miezi, na bega halina sababu ya kukua.

Tumetafuta mzigo wa katikati. Mtungi wa lita 5 uliotiwa lita 4 za maji una uzito wa kilo 4 na zaidi kidogo, hesabu rahisi, lakini maji yanacheza na mpini unapinda kifundo cha mkono. Mtungi mdogo uliojazwa mchanga hautikisiki, ila nao ni mnene na unagonga paja. Gorogoro, yaani makopo ya kupimia nafaka, zilizojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba, kama za vijana wa mtaani, huwa hazilingani pande mbili usipozipima kwenye mizani ya duka la nafaka, na nyingi zinaanzia kilo 10 kwenda juu. Tunajua pia njia ya kubaki na kilo 3, kupanda hadi marudio 25 na kusimamisha mkono juu sekunde 2. Inafanya kazi, mradi seti iishe mtu akiwa amebakisha marudio mawili au matatu tu. Lakini wengi huacha wanapohisi moto wa msuli, mbali kabisa na mwisho wa nguvu. Je, ungeshikilia marudio mengi, au ungewapa kilo 5 wainue nusu ya njia tu?

Swali la pili ni mgongo. Kuvuta dambeli ukiwa umeinama, mkono mmoja umeegemea benchi, hakutusumbui: kilo 8, marudio 10, kiwiko kivutwe kuelekea mfuko wa suruali. Kikivutwa kuelekea kifua, sehemu kubwa ya kazi huhamia nyuma ya bega na mgongo wa juu. Tunachokosa ni kuvuta kutoka juu kwenda chini. Tumefunga mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, juu ya mlingoti wa goli. Mpira ni mlegevu mwanzoni na mkali mwishoni, pale pale msuli wa mgongo unapokuwa umejikunja na kupungua nguvu, kwa hiyo viwiko hukwama katikati. Kusogea karibu na mlingoti kunarahisisha mwisho, lakini mwanzo unakuwa bure. Kuna namna ya kuufunga, au zoezi jingine lisilohitaji chuma cha kuning'inia?

Miguu hatujaiacha, ingawa kila mwezi kuna anayetuomba tuiache. Kuchuchumaa na mzigo, kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, na kutembea kando na mpira wa kuvutika uliozungushwa mapajani, juu kidogo ya magoti, hatua 12 kila upande. Huo mpira ni muhimu kwa kundi hili. Nyonga zikiwa pana, mfupa wa paja huinamia goti zaidi, na msuli wa kando wa kalio ukiwa dhaifu magoti hukutana katikati mtu akichuchumaa. Wiki za kwanza misuli hushika maji na suruali hubana, na hapo ndipo wengine hutoroka. Kwa hiyo tunapima kwa utepe kila wiki 4, asubuhi: mabega, kiuno, nyonga, katikati ya paja. Kwa wiki tunatoa seti 12 za mabega na mgongo na seti 6 za miguu. Je, 6 zinatosha kulinda nguvu za miguu bila kuijaza?

Chakula tunakifuatilia, tukilenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 65 anahitaji kama gramu 104, na ugali na sukuma pekee haviwezi kufika huko, ndiyo maana tunasisitiza ndengu, omena, maziwa na mayai, yai moja likiwa na gramu 6 hivi. Wale ambao miguu yao inauma ikibonyezwa, inavilia damu kwa urahisi, na imenenepa hadi kifundo huku nyayo zikibaki ndogo, tunawaelekeza kwa daktari, kwani hiyo yaweza kuwa lipedema, ugonjwa wa mafuta kujikusanya miguuni, na mazoezi hayataiondoa.

Likikushinda kujibu yote, tuanzie na lile la kilo 3 na 5, kwani hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Walimu wa mazoezi,
Umoja, Nairobi