Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siko seli na ile miezi sita ya mwanzo

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo.

Mi ni mama tu hapa Musoma, nauza dagaa, sio daktari wala nesi, ila mwanangu wa pili ana siko seli na kwa ajili yake nimesoma vitu ambavyo sikuwahi kufikiria nitavisoma, bando langu lote linaishia huko.

Huyu mtoto alizaliwa mzima kabisa, ananyonya, ananenepa mpaka watu wakawa wanamwita bonge. Alipoingia mwezi wa saba vidole vikaumuka kama maandazi, vya mikono na vya miguu, ukimgusa analia mpaka sauti inakata. Zahanati wakasema malaria, tukarudi wakasema malaria na UTI, mara ya tatu akapigwa sindano ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini, na nyumbani nako majirani wananinong'oneza mtoto katupiwa kitu. Tumekuja kujua ni siko seli ana mwaka na miezi minne, tena mpaka tulipopanda basi kwenda Mwanza.

Sasa mimi swali langu lilikuwa moja tu, kwanini miezi yote ile alikuwa mzima? Kumbe mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini (ile ya kwenye damu inayobeba hewa) ya aina yake, na ile ya ukubwani inachukua nafasi taratibu baada ya kuzaliwa, na kasoro ya siko seli iko kwenye hiyo ya ukubwani. Ya tumboni ikiisha ndo seli zinaanza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Daktari mmoja wa New York, Janet Watson, alishaliona hili tangu 1948, kwamba vichanga hawa wanalindwa na damu yao ya tumboni. Yaani dawa mtoto anazaliwa nayo halafu mwili wenyewe unaizima!

Anayezima ndo alichelewa kujulikana. Mwaka 2008 watafiti kina Vijay Sankaran na Stuart Orkin kule Boston wakaonyesha kuwa swichi ni jeni moja (yale maelekezo ya mwili tunayorithi) inaitwa BCL11A. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio, wanachukua seli mama za mgonjwa mwenyewe, zile zinazozalisha damu, wanatumia CRISPR (fikiria mkasi unaojua pa kukata) kukata kipande kinachoipa nguvu hiyo swichi ndani ya seli za damu tu, mgonjwa anapigwa dawa kali kama za kansa kusafisha uloto wa zamani (ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), halafu anarudishiwa seli zake na himoglobini ya tumboni inarudi kazini. Tiba hii Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba hiyo hiyo, inaitwa Casgevy. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Hapo nililia Mheshimiwa, nikiwa sokoni, wateja wananiangalia.

Halafu nikaona bei. Dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nikapiga hesabu, zaidi ya bilioni tano za kwetu, nikafunga simu nikaendelea kupima dagaa.

Kwa hiyo sikuombi hiyo, usije ukashtuka. Najua pia hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma walianza kupandikiza uloto watoto wa siko seli 2023, hongereni kwa kweli, ila hiyo inataka ndugu ambaye uloto wake unaendana na wa mgonjwa na wa kwangu hana. Ninachoomba ni haidroksiyurea. Ni kidonge cha siku nyingi, kinapita njia ile ile, kinaamsha himoglobini ya tumboni, hakiponyi gonjwa lenyewe ila maumivu yanapungua sana. Na msiseme haijajaribiwa Afrika, matokeo yalitoka 2019 kutoka Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto mia sita na kitu, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Mbale ni hapo Uganda tu! Sasa mimi nikifika dirishani kuchukua dawa naambiwa imeisha, kanunue nje, na huko nje unazunguka maduka matatu.

La pili, kichanga apimwe siko seli kwa kitone cha damu ya kisigino kabla mama hajatoka wodi ya wazazi, kila wilaya, ili mwenzangu asizungushwe miezi tisa kama mimi. Mtoto akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi na mama anafundishwa kupapasa bandama aone kama imevimba.

Na Musoma tuna haki ya kudai. Dokta Anthony Allison alichapisha vipimo vya damu za watu wa huku 1956, kati ya vichanga 287 wenye siko seli kamili (waliorithi kwa baba na kwa mama) walikuwa 9, kati ya watu wazima 654 walikuwa 5 tu. Hesabu hiyo inafundishwa vyuoni duniani kote kuelezea uhusiano wa siko seli na malaria. Mi niliiangalia nikawaza tu wale wengine walienda wapi, maana mama zao walikuwa wa hapa hapa.

Kopo la mwanangu limebaki na vidonge kumi na moja, kliniki ni Jumatano ya wiki ijayo. Nitauliza tena pale dirishani.

Wako,
Mama wa mtoto wa siko seli, Musoma