Mpwa wangu, kabla hujalipa ada ya chuo cha afya tupige hesabu ya deni

Mpwa wangu mpendwa,

Umepata nafasi ya stashahada ya radiografia, ile kazi ya kupiga picha za eksirei hospitalini, na nyumbani mazungumzo ni kuuza kipande cha shamba au kukopa kikundini. Naomba shamba lisiguswe mpaka umeisoma barua hii na kalamu mkononi. Naiandika hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Anza na ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga. Usiishie kwenye mstari wa ada. Tuseme ada ni shilingi 1,700,000 kwa mwaka. Chini yake, kwa maandishi madogo, utakuta mtihani wa Wizara ya Afya, tuseme 150,000, tozo ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, 15,000 na bima ya mwanafunzi 50,400. Hapo tayari ni 1,915,400. Weka hosteli 400,000 na chakula cha 5,000 kwa siku kwa siku 300. Mwaka mmoja umefika 3,815,400, na miaka mitatu ni 11,446,200. Sare, vitabu vya kumbukumbu za mazoezi na nauli ya kwenda hospitali za mafunzo kwa vitendo bado havijaingia humo. Bei za chuo chako ziandike wewe mwenyewe, lakini mistari iwe yote.

Sasa mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele tu. Mionzi imo, pamoja na fiziotherapia, optometria na utabibu wa meno, ila usidhani kila kozi yenye neno afya inaingia. Orodha hutolewa kila mwaka, kwa hiyo fungua mwongozo wa mwaka wako. Wengi hukwama kwenye vyeti: cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na dirisha la maombi likishafunguliwa foleni huwa ndefu. Peleka sasa. Fomu inataka pia saini ya serikali ya mtaa au kijiji, ya mdhamini na ya wakili. Ukurasa mmoja usiosainiwa unatosha kukuangusha. Ukishapata, pesa haziji zenyewe: unasaini kila awamu, na anayechelewa kusaini boom, yaani fedha ya kujikimu, hulala njaa huku jina lake limo kwenye orodha.

Deni hili lisikutishe. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile asilimia 6, iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo haliumuki kama zamani. Kinachouma ni makato: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kila mwezi, mpaka liishe.

Tazama hati ya mshahara ilivyo. Chukua mshahara wa 700,000 serikalini, kwa ajili ya hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 35,000. Inabaki 665,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 49,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 21,000. Bodi ya Mikopo 105,000. Mkononi unabaki na 490,000, kabla ya chama cha wafanyakazi na kabla hujalipa pango. Kama ulikopa 2,500,000 kwa mwaka, deni ni 7,500,000, na kwa 105,000 kwa mwezi utalimaliza kwa miaka sita. Hilo linabebeka.

Geuza ukurasa. Zahanati binafsi inakupa mshahara wa 350,000. NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, inachukua 35,000, kodi 3,600, Bodi 52,500. Unabaki na 258,900, na deni lilelile sasa linakula karibu miaka 12. Chuo ni kilekile na cheti ni kilekile. Kilichobadilika ni nani amekuajiri, na hilo ndilo vijana wengi hawalipimi kabla ya kuingia.

Ndiyo maana nakusihi uhesabu pia miezi ya kusubiri. Baada ya mtihani wa mwisho kuna matokeo, cheti, usajili kwenye baraza la taaluma na leseni, halafu kuomba kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usaili wa mchujo, usaili wa mahojiano, kupangiwa kituo. Kwa miezi yote hiyo unakula, na bila leseni hata hospitali binafsi haikuruhusu kuugusa mtambo. Tenga fedha ya mwaka mzima ya kuishi, au uwe na mahali pa kulala pasipo kodi.

Mkopo wa Bodi unakusubiri. Wa kikundi haukusubiri. Asilimia 5 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukikaa nao miezi kumi bila kulipa, riba imefika nusu ya ulichokopa, na wewe bado uko mwaka wa kwanza. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, ndiyo kabisa usiiguse. Mzazi akikopa kwa ajili ya ada, akope kiasi anachoweza kukirudisha kwa mavuno ya msimu mmoja, siyo kwa mshahara wako ambao haupo.

Kuhusu chuo chenyewe, kitafute kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET. Namba za usajili za vyuo vya afya huanza na REG/HAS, lakini kuwa na namba hakutoshi: angalia kama kozi yako imeorodheshwa kwa jina, na idadi ya wanafunzi walioruhusiwa. Kisha piga simu uulize: mazoezi mnafanyia hospitali gani, ina mashine ngapi za eksirei zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi huenda kwa zamu moja? Wanafunzi ishirini wakizunguka mashine moja, kumi na wanane wanatazama migongo. Kwenye usaili wa vitendo inajulikana mara moja nani amewahi kumlaza mgonjwa, kupima umbali wa mtambo na kuchagua nguvu ya mionzi kwa mkono wake.

Jambo moja nalirudia kwa uzito: kurudia mwaka. Ukifeli na kurudia, usiutegemee mkopo ukubebe mwaka huo. Ada ya pili inatoka mfukoni, na mshahara umesogea mwaka mwingine mbele. Fizikia yako ni dhaifu, tunajua wote, na radiografia ni fizikia tangu muhula wa kwanza. Hii miezi kabla ya kufungua chuo itumie hapo.

Na wastani wako wa ufaulu (GPA) uwe 3.0 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo mlango wa shahada kwa njia ya stashahada ni mgumu kufunguka.

Nipigie picha karatasi ya maelekezo, kurasa zote, unitumie kabla ya Jumapili. Mwambie baba asisaini chochote na mnunuzi wa shamba mpaka tumeipitia pamoja.

Mjomba wako