Nekesa, ule mluzi wa Baba

Nekesa wangu,

Salamu nyingi kutoka Mbale. Najua nimenyamaza tangu Desemba, na ule ujumbe wako wa "uko hai kweli?" niliuona. Niko hai, tena mzima. Mama yako mguu umepona? Haya, nisikuzungushe, nina jambo.

Unaukumbuka ule mluzi anaoupiga Baba akiziba pancha, mpaka wewe na Wafula mkawa mnauiga? Ijumaa yangu ya kwanza hapa Nabugoye, Kukhu, bibi yangu mzaa Baba, alinishika mkono tukapanda kilima hadi sinagogi. Gitaa likaanza, watu wakaimba zaburi kwa Kiganda. Nekesa, ni wimbo ule ule! Magoti yaliniisha nguvu, nikakaa na kitabu sijakifungua.

Miaka yote hii Baba hajaniambia kwamba amezaliwa Myahudi. Tukimuuliza mbona hatuli nguruwe, anasema, "Kwetu hatuli," basi. Kukhu ndiye amenifungulia, tangu Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yao ya Kiyahudi, alipojitahiri yeye na wanawe mwaka 1919, hadi Amin alipopiga marufuku dini yao. Wengi walihamia kanisani au msikitini. Kukhu na marehemu Babu hawakuhama. Ijumaa jioni aliwasha koroboi akaificha ndani ya chungu, mwanga usionekane dirishani. Chungu bado kipo. Nilikitia kidole kikatoka cheusi kwa masizi. Baba alikuwa mtoto wa miaka saba hivi, kazi yake kukaa mlangoni, akiona mtu apige mluzi.

Tangu nisikie hilo silali vizuri. Nilikuwa nikimkasirikia kwa kutuficha. Sasa namwonea huruma mpaka natamani kumkumbatia.

Mimi nabaki hadi Pasaka ya Kiyahudi ipite. Ijumaa asubuhi nakanda mkate wa Sabato na akina mama, Jumapili nafundisha watoto herufi za Kiebrania, ambazo nami nimejifunza juzijuzi tu. Shule ya hapa watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma pamoja, wala hakuna anayejificha. Laiti Baba angeliona hilo kwa macho yake!

Ndiyo nakuomba, pita kwake jioni akifunga kibanda. Wewe anakusikiliza kuliko mimi. Usimhubirie, wala usimrekodi kwa siri. Mwambie tu Kukhu anamuulizia, na kiti chake mezani siku ya Pasaka kipo. Nauli ya kupitia mpaka wa Lwakhakha nitatuma mimi. Na asidhani nataka aache kanisa lake, la hasha, nataka tu amwone mamake.

Utaenda lini? Bado anapiga ule mluzi? Amewahi kukutajia Mbale, hata kwa bahati mbaya? Ukimwona amenyamaza sana, utakaa naye kidogo? Nawe mwenyewe, kwa nini usimsindikize?

Nijibu Ijumaa kabla jua halijatua. Sabato sishiki simu.

Wako,
Nafula