Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya michezo wilayani kwetu, Pemba: tupe tarehe ya ligi ya kikapu ya vijana

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuletea kwa mkono hazikujibiwa. Moja tu ndiyo iliyojibiwa, nayo ilitiwa saini siku ya Jumatatu, wakati majaribio ya kikapu ya kijana ninayemfundisha, huko Dar es Salaam, yalikuwa Jumamosi na Jumapili iliyotangulia. Boti aliyotakiwa kuipanda iliondoka Mkoani bila yeye. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Mama yake alishamkaangia samaki wa njiani.

Walichotaka wenye majaribio hakikuwa kikubwa: nakala ya cheti cha kuzaliwa, ridhaa ya mzazi, barua ya idhini kutoka ofisi ya michezo ya anakotoka, na video ya mechi mbili nzima. Cheti kilikuwepo. Ridhaa aliitia saini baba yake, sheha akashuhudia. Barua ya idhini niliiomba mapema, nikaambiwa imeshachapwa, inangoja muhuri, na mwenye muhuri yuko safarini. Nilikaa kwenye benchi la ofisi yako hadi adhana ya adhuhuri nikiitazama kwa macho yangu, juu ya meza, imewekewa kikombe ili isipeperushwe na feni.

Kijana mwenyewe unamjua, Mheshimiwa. Ni yule mrefu uliyepiga naye picha siku ya bonanza, ukamshika bega mbele ya wazee wake ukasema huyu atafika mbali na Pemba itajivunia. Siku ile ile ulisimama katikati ya kiwanja ukaahidi ligi ya vijana itaanza kabla ya sherehe za Mapinduzi. Tulikupigia makofi kwa moyo mkunjufu. Mapinduzi yalifika, yakapita, na sasa ukiulizwa habari za ligi, jawabu ni kwamba bajeti inaandaliwa.

Nimepata kuwasikia watu wazima, tena wenye vyeo, wakisema vijana wetu hawafiki kwenye mpira wa kulipwa kwa sababu ni wafupi, au wavivu, au hawana nidhamu. Naomba maneno hayo yakome. Huyu wangu nilimpima mwenyewe kwa futi kamba ninayofanyia kazi: mita 1.98, na umri wake ni miaka 17. Anaamka alfajiri kumsaidia baba yake kutoa nyavu, anakwenda skuli, na baada ya laasiri yuko kiwanjani kabla yangu. Uvivu uko wapi hapo?

Tuwatazame waliofika. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mwaka 2009, timu za NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tangu hapo hatujamwona Mtanzania mwengine akiitwa jukwaani. Hasheem hakulelewa na ligi yetu ya vijana. Alitoka akiwa bado mdogo, akamalizia skuli kule Houston, kisha akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko ndiko alikoonekana. Joel Embiid wa Cameroon alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2011 aliingia katika kambi ya Luc Mbah a Moute, Mcameroon mwenzake aliyekuwa akicheza Marekani, naye akamtafutia skuli huko. Mwaka 2014 Embiid alichaguliwa wa tatu, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Pascal Siakam, naye Mcameroon, alionekana kambini Afrika Kusini mwaka 2012, na mwaka 2019 akabeba ubingwa na Toronto.

Na kama Cameroon ni mbali, Uganda ni jirani zetu. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini, akalelewa Kampala katika mtaa wa Kawempe. Alianza kikapu mwaka 2019. Akachukuliwa na chuo cha NBA cha vijana kilichoko Saly, Senegal, akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika akiwa bado mtoto, akaenda Olimpiki ya Paris 2024 na timu ya Sudan Kusini, na mwezi Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika NBA. Miaka sita tu tangu alipoanza!

Hao wote wana kipaji na wote ni warefu, sibishi. Lakini kila mmoja wao, kabla hajafika miaka 19, kuna mtu mzima aliyemwona akicheza na akamfanyia makaratasi yake kwa wakati. Hapo ndipo sisi tunapokatikia. Huku kwetu kipaji kinazaliwa, kinakua, kinarefuka, kisha kinafika miaka 18 hakuna aliyekiona wala kukiandika popote. Mashindano ya vijana ya Afrika ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni ya chini ya miaka 16 na chini ya miaka 18. Ukivuka hapo umevuka, hakuna anayekurudisha nyuma kwa sababu ofisi ilichelewa.

Sasa nije kwenye ile video ya mechi mbili nzima, maana hilo linaniuma kuliko hata barua. Hatukuwa nayo. Si kwa kukosa kamera, simu zipo. Hatukuwa na mechi nzima ya kurikodi. Watoto hawa wanacheza bonanza za Idd na za Mapinduzi basi, na kwenye bonanza timu ni nyingi na jua halingoji, kwa hivyo mechi inakatwa: vipindi viwili vya dakika kumi, wanatoka, wanaingia wengine. Mechi ya kweli ni robo nne za dakika kumi kumi, na mchezaji akifikisha faulo tano anatoka. Kijana ambaye hajawahi kucheza robo ya nne hajui miguu inavyokuwa mizito pale, hajui kulinda akiwa na faulo nne mgongoni, hajui kushambulia huku saa ya sekunde 24, muda wa kila shambulizi, inamalizika. Tulipokwenda Unguja, vijana wangu waliongoza hadi mapumziko. Robo ya tatu ilipokwisha, huyu mrefu alikuwa ameshakaa nje kwa faulo tano, na wenzake wamebaki hawana wa kuwaokotea ribaundi, ile mipira inayokosa kuingia ringini. Watu waliokuwepo walisema Wapemba hawana pumzi. Pumzi wanazo, wanaogelea na kuvuta nyavu tangu utotoni! Walichokosa ni mechi.

Nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba wakubwa wanaamini mchezaji wa kulipwa anatengenezwa na uwanja mkubwa. Viwanja vikubwa tunavishukuru. Amaan ya Unguja imejengwa upya ikafunguliwa Disemba 2023, na mwaka 2025 imepokea mechi za CHAN, yale mashindano ya mpira wa miguu ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Gombani yetu ya Pemba nayo ilipata heshima ya Kombe la Mapinduzi Januari 2025, na mimi nilikuwepo nikishangiria hadi sauti ikakauka. Simwonei mtu wa mpira wa miguu choyo. Ila mtoto wa miaka 13 wa kikapu hahitaji jukwaa la maelfu ya watu. Anahitaji kujua kwamba Jumamosi hii anacheza na Jumamosi ijayo anacheza, na kwamba kuna mtu na daftari anaandika pointi zake.

Kiwanja chetu unakijua, ulikikanyaga. Ubao wa upande wa kusini niliutengeneza mwenyewe kwa mbao, kwa kipimo cha FIBA, mita 1.80 kwa 1.05. Ringi alitukunjia fundi wa kuchomelea kwa nondo, sentimita 45 upana wake, tukaipandisha mita 3.05 kama inavyotakiwa. Wavu aliusuka mzee mmoja mvuvi kwa uzi wa nyavu zake, bure. Mvua za masika zilipokuja ubao ukavimba, na sasa umeinama upande mmoja, hivyo mtoto anayejifunza kupiga kwa ubao anajifunza pembe ambayo haiko kokote duniani. Saruji imepasuka chini ya ringi, pale pale wanapotua wakiruka. Kifundo kimoja cha mguu kimeshavunjika hapo, mwenye nacho akaacha mchezo, sasa yuko kwenye kazi ya kuchanganya zege. Alikuwa na mkono wa kushoto mzuri ajabu.

Na viatu. Huyu kijana anavaa namba 48. Tulizunguka maduka ya Chake Chake na kwenye mitumba tusipate, akakata ncha ya viatu vyake vidole vikatokeza mbele, akacheza hivyo hivyo. Huyo ndiye wanayesema hana nidhamu.

Kuhusu mimi sikutaka kusema, lakini imenibidi. Mimi ni fundi seremala, simo katika orodha ya mshahara wa mtu yeyote. Nafundisha kikapu kwa kujitolea. Mipira nanunua mimi, ya raba, kwa sababu ile mizuri inaliwa na saruji ikabaki kipara kwa muda mfupi. Safari ile ya Unguja niliuza randa yangu ya umeme ili vijana wapate nauli ya boti na chakula, kwa ahadi ya ofisi yako kwamba nikileta risiti nitarejeshewa. Risiti nilizikabidhi, nikaonyeshwa faili zilipowekwa. Tangu hapo naranda kwa mkono, na wateja wanaokuja kutaka vitanda vya harusi naanza kuwapoteza kwa kuchelewa. Mke wangu hanilaumu kwa maneno, lakini ananiuliza kila mwezi kama randa imepatikana, na kila mwezi sina la kumjibu. Wanangu wanasikia.

Na bado, Mheshimiwa, sikuandika barua hii kudai randa.

Kuna na mabinti. Ninao wanaocheza vizuri kuliko kaka zao, na wazee wao wameridhia wacheze kwa stara. FIBA yenyewe imeshafungua mlango, tangu Oktoba 2017 hijabu inaruhusiwa katika mechi zake rasmi. Kwa hivyo hakuna tena wa kusema kwamba dini inawazuia wasifike. Wanachokosa ni saa yao ya kiwanja ambayo vijana wa kiume hawatawanyang'anya, na mechi zao wenyewe. Mmoja ameniuliza: mwalimu, sisi tunafanyia mazoezi nini? Ukiwa na jawabu niletee nimpelekee.

Najua utaniambia bajeti. Basi nisikilize. Ligi ninayoiomba ni ya skuli na shehia, chini ya miaka 16 na chini ya miaka 18, wavulana na wasichana. Waamuzi tunao, wapo vijana waliomaliza wanaojua sheria na wako tayari kupewa nauli tu. Daftari la kuandikia pointi nitanunua mimi. Simu za kurikodi tunazo. Tutapanga mechi nje ya msimu wa karafuu, kwa sababu msimu ukishika watoto wote wako juu ya mikarafuu na mzazi hawezi kumwachia mtoto mpira wakati pesa ya mwaka iko mtini. Mwezi wa Ramadhani tutapumzika, au tukipata taa tutacheza baada ya tarawehe. Kilichobaki ni idhini yako, kiwanja kitengewe siku zake, saruji ile pale chini ya ringi izibwe, na tarehe. Tarehe ndiyo kubwa. Mzazi akiwa na tarehe anamwachia mtoto. Skuli ikiwa na tarehe inatoa ruhusa. Mtu wa Unguja au wa bara anayetafuta vipaji akiwa na tarehe anakata tiketi anakuja kuwaona hapa hapa, na hapo hatutahitaji tena kumkimbiza mtoto na bahasha.

Na barua za idhini zisimtegemee mtu mmoja mwenye muhuri. Akisafiri, amwachie mwenziwe. Hilo halina bajeti.

Kijana wangu atafikisha miaka 18 mwaka huu huu. Kwa mashindano ya vijana huenda tumeshamkosa, na hilo nimemweleza baba yake uso kwa uso, kazi ambayo kwa haki ilikuwa yako. Lakini nyuma yake wapo wengine wa miaka 13 na 14, wana mikono mirefu na wana hamu, na wameona yote yaliyompata mwenzao. Wanaangalia kama kuna maana ya kuendelea. Wawili hawakuja mazoezini wiki hii.

Tupe tarehe, Mheshimiwa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwako, nikiwa na orodha ya skuli zilizokubali, majina ya watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa, na ratiba niliyokwisha kuipanga ambayo pale juu nimeacha nafasi ya siku ya kuanzia. Naomba uijaze mbele yangu, uitie saini na muhuri, niondoke nayo mkononi.

Wasalaam,

Mwalimu wa kikapu wa kujitolea,
Pemba